Wanaume wa Irani na Baba Ntare

Jumapili, 27 Julai 2025

Salamu kwanza, ndivyo nilivyofundishwa. Mimi sijambo, presha imeshuka kidogo. Baba Ntare, mume wangu, mwili haujambo, macho ndiyo yale yale. Kirezi, kitinda mimba wangu, hajambo, anauza simu Muhima na jioni anarudi miguu imevimba. Shemeji Sibomana, wa nyumba ya nyuma, hajambo na mdomo wake haujambo. Mama mkwe aliyelala Karagwe apumzike. Ntare, kifungua mimba — huyu sijui kama hajambo. Namwona Jumapili tu, na Jumapili namwona mgongo.

Nesi wa presha ndiye aliyesema ninunue daftari, niandike saa za kumeza dawa. Saa za dawa ni mistari mitatu. Kurasa zingine zitabaki nyeupe, si hasara? Nilisoma mpaka darasa la nne, na kuandika tulikofundishwa ni barua. Basi hii ni barua isiyokwenda posta.

Leo nilipeleka sambusa kwenye ukumbi wa video hapa Biryogo. Ntare ndiye msobanuzi pale. Sinema inakuja na lugha ya wenyewe, yeye anakaa mbele na maikrofoni, anasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kuyatia Kiswahili papo hapo. Anasema sauti za wote — mke, mzee, askari, hata mbwa. Kazi ile ina amri moja: usinyamaze. Msobanuzi akinyamaza, watu wanapiga mabenchi, wanasema amelala.

Siku hizi ni sinema za Irani. Kuna binti mmoja, Harriet, aliyekulia Uganda, ana chama cha vijana wapenda sinema. Yeye ndiye aliyezileta, Jumapili tatu, sinema tatu.

Ya leo ni ya mlinzi wa shule. Mke wake anaumwa mgongo. Ofisi imempa barua kwamba kazi imekwisha. Anaikunja, anaikunja tena, anaitia ndani ya soksi. Nyumbani hasemi. Asubuhi anavaa, anatoka, anapanda ngazi za watu na kushuka. Basi. Katika sinema za Kihindi mwanaume mmoja anapiga watu ishirini. Huyu wa Irani kapigwa na karatasi moja.

Vijana wa benchi la nyuma walichoka. Mmoja akauliza vita iko wapi, huyu baba iko natembea tu. Ntare akamjibu kwenye maikrofoni kwamba vita iko tumboni, avumilie. Wakacheka. Na kila mlinzi aliponyamaza, Ntare alimtilia maneno: hapa anapiga hesabu ya mchele, hapa anamtukana bosi kimoyomoyo, hapa amekumbuka ugali wa kwao. Kicheko ukumbi mzima. Mimi nilikuwa naangalia kidole cha yule baba. Kilikuwa kinacheza juu ya paja, kama cha Baba Ntare.

Halafu kitu hiki. Mke anataka kushuka kitandani, hawezi. Mume hamshiki. Anainama, anachukua ndala yake, anaigeuza ielekee mguu wa mke, kisha anasimama kando. Nilimuuliza Harriet baadaye: mke wake mwenyewe, mbona hamgusi? Akanieleza kwamba kule sinema zinakaguliwa, mwanamke na mwanaume hawagusani mbele ya kamera, hata wakiigiza mke na mume. Kwa hiyo watengeneza sinema wanatafuta njia nyingine ya kuonyesha kilichomo ndani ya mwanaume. Ndala. Glasi ya chai. Mlango unaoshikwa usijifunge.

Sheria. Haya. Kwetu hakuna sheria hiyo. Na bado hatugusani.

Nje, mgahawa wa chai unapakana na ukumbi, na spika ya ukumbi inaelekea barabarani. Baba Ntare alikuwa amekaa chini ya spika ile. Hajasema na mwanawe tangu mwezi wa pili. Lakini kila Jumapili saa tisa anachukua fimbo, anasema anakwenda kupunga upepo. Chai yake ilikuwa imeota utando. Nilipita na beseni kama sikumwona. Tulirudi nyumbani kila mtu na njia yake.

Jumanne, 29 Julai

Sibomana alikuja asubuhi na kalenda. Zimebaki siku kumi na nane. Tarehe 16 tunakwenda Kanombe kwa mzee Viateur, kwenye gusaba, kumposea Ntare binti yake Akimana. Sibomana ndiye msemaji wetu. Anaweza kumsemesha ng'ombe mpaka akae chini.

Lakini tatizo si msemaji. Viateur ni Mkatoliki aliyekulia Burundi, mtu mpole sana, hapazi sauti, na akishasema hageuki. Alisema hajali ng'ombe wangapi. Anataka baba wa kijana akae mbele, amwone. Ikiwa baba yu hai, yuko Kigali, na hakuja, basi kuna jambo, na binti yake hatoki.

Naandika ili niliweke mahali, limenikaa kifuani. Baba Ntare aliendesha lori la mafuta miaka ishirini na sita, Dar mpaka hapa, kupitia Rusumo. Watoto walimjua kwa biskuti na harufu ya dizeli. Sukari ikaingia machoni. Akaficha. Barabara alikuwa ameishika kwa moyo, kila kona, kila tuta. Mwezi wa pili Ntare alipanda naye, akaona baba yake anasimama kwa kusikia breki za wa mbele. Kesho yake alikwenda kwenye yadi ya malori kule Muhima, akamwambia mkubwa. Funguo zikachukuliwa mbele ya madereva wote. Na Baba Ntare akampiga Ntare kofi, pale pale, madereva wanaangalia, wauza parachichi wanaangalia. Mtoto wa miaka ishirini na tisa. Hakuinua mkono. Jioni alibeba begi, akapanga chumba Nyamirambo.

Kama asingesema, siku moja lile lori la mafuta lingeingia kwenye soko. Ninajua. Lakini pia nilimwona mume wangu akirudi nyumbani kwa miguu, akipapasa ukuta.

Leo Sibomana alipomtajia tarehe, alijibu maneno haya tu:

"Aliyenivua nguo mbele za watu asinitafute nimvalishe."

Ijumaa, 1 Agosti

Umuganura, sikukuu ya mavuno. Nilipika mtama, viazi vitamu, maharage. Nilimpigia Ntare nikiwa jikoni, kwa sauti ya chini. Anasema atakuja baba akimwita. Nikaenda sebuleni kuuliza. Baba anasema mlango haujafungwa.

Sahani ya Ntare nilimpa Kirezi, akaenda nayo Nyamirambo imefungwa kitambaa.

Dawa saa mbili asubuhi. Ya jioni nimeisahau.

Jumapili, 3 Agosti

Sinema ya pili. Mwanaume anatafuta mtu wa kumdhamini mahakamani. Mtu mmoja tu, asaini. Anakwenda kwa kaka yake, kwa rafiki aliyekuwa naye kambini jeshini, kwa jirani. Kila nyumba anapewa chai. Kila mtu anamwambia wewe ni wa kwetu, nyumba ni yako, kula kwanza. Hakuna anayesaini. Na yeye haombi! Anakaa na glasi mkononi, anasifu zulia, anaulizia watoto, anaaga. Mke anampigia: wamesemaje? Anajibu wamekubali wote, wanagombania.

Nilitamani niingie kwenye kile kitambaa cheupe nimtikise. Sema, baba! Fungua mdomo!

Harriet alinifafanulia huku anakula sambusa. Anasema kule wana adabu yao, unakataa kwanza ndipo upokee, muuza duka anakwambia si kitu usilipe, na ole wako usipolipa. Nikamwambia hao wangefaa kwenye gusaba, maana pale nako wenye binti wanajifanya hawana binti, hawajui mnataka nini, mpaka msemaji atoke jasho. Akacheka mpaka akapaliwa. Akaniambia na hili: zamani sinema za Irani zilikuwa na mababe wa mtaani, wenye visu na kofia, wanalipiza kisasi kwa ajili ya heshima ya dada zao. Siku hizi wanaonyesha mwanaume aliyeachiwa heshima ile ile kama gunia, hana kisu, hana kazi, na hajui alitue wapi.

Gunia. Nimelifikiria neno hilo nikiosha beseni.

Ntare alikuwa amekonda. Aliposoma sehemu ya simu — "wamekubali wote, mke wangu, wanagombania" — alikohoa kwenye maikrofoni. Nje nilisikia kikohozi cha Baba Ntare. Wote wawili walikohoa karibu pamoja.

Jumatano, 6 Agosti

Akimana alikuja ninapouzia. Mtoto wa heshima, alinisalimu kwa mikono miwili, akasimama tu, hakununua, hakukaa. Nikamwambia mwanangu, sema. Anasema baba yake Viateur ameuliza tena juzi mezani kama mzee wa Ntare atakuja, naye alijibu ndiyo.

"Nimedanganya, Mama?"

Nikamfungia sambusa tatu. Sikuwa na kingine.

Jumapili, 10 Agosti

Leo mistari itapinda.

Sinema ya tatu. Dereva! Mzee, lori la matikiti, milima mikavu haina hata kichaka. Pembeni amekaa mwanawe mkubwa. Na mzee hawezi kuona. Anahesabu kona kwa midomo. Harriet hakujua habari zetu, yeye sinema alizikopa tu huko zinakotoka. Ntare alijua. Kila sinema anaitazama kwanza mara mbili peke yake.

Mtoto anagundua. Kwenye kituo cha mafuta anachomoa funguo, anashuka nazo. Mzee anamfuata kwa kupapasa ubavu wa lori, anamfikia, anampiga. Watu wa kituo wanaacha kazi wanaangalia. Vijana wa nyuma, hata wale, hawakuuliza vita iko wapi.

Mwisho wake huu. Wamekaa wawili kando ya mfereji wa maji. Mtoto anamvua baba miwani, anaiosha kwenye mfereji, anaifuta na shati, anamrudishia usoni. Baba na mwana wanaruhusiwa kugusana. Kisha kamera inabaki kwenye uso wa mzee. Inabaki. Inabaki. Mtu akaanza kupiga benchi, taratibu, ko, ko. Ndipo Ntare akasema. Si sauti ya utani. Sauti nzito, ya chini, ya mtu mzima:

"Mwanangu. Nilikupiga kwa sababu niliogopa. Sikukuchukia wewe, nilichukia giza. Nisamehe."

Aliyekuwa anapiga benchi aliacha. Mama mmoja mbele yangu alijifuta kwa mtandio. Mwanaume mzima, muuza nyama, alitoka nje kama anayetafuta kitu.

Lakini mimi nilikuwa benchi la kwanza. Mdomo wa yule mzee haukufunguka. Masharubu hayakutikisika. Na kule chini, yanapopita maandishi ya Kiingereza, hapakuwa na hata herufi moja.

Nilipotoka, pale chini ya spika kikombe kilikuwa kimelala, chai inatiririka mezani. Baba Ntare hayupo. Fimbo yake imeegemea ukuta. Alirudi nyumbani bila fimbo.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi nilikuwa namtia dawa ya macho. Kichwa amekilaza nyuma, kwenye kiti. Akaniuliza yule mzee wa jana, wa matikiti, yale maneno aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake? Maana yeye hakuona, alisikia tu.

Chupa ilikuwa mkononi. Nilijua jibu. Nilijua pia tarehe.

Nikasema aliyasema.

"Mbele ya mwanawe?"

Mbele ya mwanawe, nikasema. Wamekaa bega kwa bega.

Dawa ilimtoka ikashuka shavuni, au si dawa, sikuuliza. Kisha akasema basi kule kuna wanaume. Akasema nimwambie Sibomana kwamba atakaa mbele.

Mungu nisamehe. Nimedanganya mtu asiyeona.

Jumatano, 13 Agosti

Nyumba imebadilika! Baba Ntare amenyolewa. Ameuliza suti ya kijivu iko wapi, na kama panya hawajaila. Amemwuliza Kirezi huyo Akimana ni mrefu au mfupi. Sibomana alikuja wakafanya mazoezi, Sibomana anajifanya Viateur, anasema sisi hapa hatuna binti, tuna mbuzi tu, na Baba Ntare akajibu hata mbuzi tutamwangalia meno. Nilicheka jikoni na kitunguu mkononi.

Lakini kitu nilichosikia alfajiri ndicho kinaniandikisha. Baba Ntare alikuwa uani, kwenye kamba ya nguo, anadhani tumelala. Alisema "Mwanangu." Akanyamaza. Akasafisha koo. "Mwanangu, nilikupiga kwa—" Akanyamaza. Kisha tena kutoka mwanzo. Kama mtoto anayejifunza sala. Mara nne, tano. Hakufika mwisho hata mara moja, lakini kila mara alivuka neno moja zaidi.

Nilirudi kitandani kwa ncha za vidole. Miaka thelathini na moja nimeishi na mtu huyu.

Presha 140 kwa 90. Nesi alifurahi.

Alhamisi, 14 Agosti

Ingekuwa nilikuwa sokoni asingeingia. Ingekuwa Kirezi alikuwa nyumbani angemkatiza. Nisiandike ingekuwa.

Harriet alikuja kushukuru kwa sambusa. Mtoto mwenye adabu, alileta mkate na sukari, sukari kwa nyumba hii, hakujua. Nikamkaribisha. Baba Ntare alikuwa kwenye kiti chake, akamsalimu vizuri, akamwambia zile sinema zenu, binti yangu, zina mafunzo. Hasa ile ya dereva. Akasema, na nilisikia sauti yake inavyojipanga, kwamba ni jambo kubwa mtu mzima kama yule kumwomba msamaha mwanawe kwa mdomo wake.

Nilimkonyeza Harriet. Nilimkonyeza kwa uso mzima. Hakuniona, alikuwa anamtazama mzee kwa heshima.

Akacheka kwa upole. Akasema hapana, Mzee, hapo Ntare aliongeza yake. Yule baba hasemi kitu. Dakika nne nzima hasemi. Ndiyo maana sinema ile inasifiwa, kwa sababu mtu anangoja aseme, na yeye hawezi. Ntare aliweka maneno kwa kuwa ukumbi wa Biryogo hauvumilii kimya. Akasema yeye binafsi alimlaumu kidogo, lakini maneno yalikuwa mazuri.

Baba Ntare akasema, "Ahaa."

Akauliza kama chai imeletwa. Akamwuliza Harriet wazazi wako wapi, Mbarara au Kampala. Alimsindikiza mpaka mlangoni, mkono kwenye ukuta. Kisha akaingia chumbani.

Ijumaa, 15 Agosti

Asomusiyo, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Kengele za Wakatoliki tangu asubuhi. Viateur na watu wake wako kanisani, wanaomba, kesho yao ni njema.

Baba Ntare hakula. Saa nne nilimpelekea dawa ya macho, akaizuia kwa kiganja, taratibu, bila hasira. Heri angekasirika.

"Mara ya kwanza alichukua funguo zangu," akasema. "Sasa amechukua mdomo. Na wewe ulimshikia."

Ni kweli nilimshikia.

Nilikwenda Nyamirambo kwa miguu. Ntare alikuwa ananyoosha umushanana wake, ile shuka ya sherehe, ameutandika juu ya kitanda, karibu na begi ambalo tangu mwezi wa pili hajalifungua lote. Nilimweleza kila kitu, na uongo wangu pia. Alikaa chini. Anasema hakupanga. Alitaka aache kimya, aliapa kwamba safari hii ataacha, wapige mabenchi mpaka yavunjike. Halafu akasikia kikohozi nje ya ukuta. Anamjua kwa kikohozi. Kumbe tangu Jumapili ya kwanza alijua baba yuko pale, na Jumapili zote alikuwa anasoma kwa ajili ya sikio moja.

"Mama, nilitaka nisikie yanavyosikika. Hata kama ni mimi mwenyewe ninayeyasema."

Nilimshika kichwa kama alipokuwa mdogo. Kidevu chake kinachoma sasa. Nikamwambia njoo nyumbani usiku huu, pigeni magoti wote wawili, mimi katikati. Akatikisa kichwa. Anasema akija, baba atasikia ni sinema nyingine.

Nimefikiria wanaume wale wa Irani barabara nzima ya kurudi. Mwenye barua kwenye soksi. Mwenye glasi ya chai. Nilidhani wanaonyeshwa ili tuwahurumie. Labda wanaonyeshwa ili mtu aliyeko nyumbani aache kuwasemea. Sijui. Sikusoma.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa kumi na moja alfajiri nilipapasa kitanda. Baridi upande wake.

Uani hayupo. Chooni hayupo. Shati jeupe halipo, suti ya kijivu iko palepale imetundikwa. Kirezi alikimbia mpaka msikitini kuuliza walinzi, Sibomana alishuka mpaka barabara kubwa. Mtu asiyeona, asubuhi ya vumbi, magari yote haya. Niliona mabaya yote. Nilimwona hata ametumbukia mtoni.

Saa nne magari yalikuwa mlangoni. Ntare alikuja amevaa, anang'aa, midomo imekauka. Aliingia chumba cha baba yake akatoka. Sibomana akasema binti wa Kanombe hangoji jua, twende tukamwambie Viateur mzee ameumwa ghafla. Ntare akasema hatasema uongo pale. Akasema kama ni kukataliwa, akakataliwe akiwa amesimama.

Wakaenda. Mimi nimebaki. Mama wa kijana anabaki! Lakini Baba Ntare akirudi akikuta nyumba imefungwa, atapapasa mlango gani?

Saa tano na nusu. Dawa nimemeza. Nimefua kitambaa kilicho safi.

Saa sita kasorobo — Kirezi amepiga. Yuko barabarani mbele ya lango la Viateur, anaongea kwa kunong'ona, huku wasaidizi wanapanga vikapu. Baba yuko pale! Alifika kabla yao. Motari mmoja wa pikipiki alimchukua Biryogo alfajiri, akazunguka naye Kanombe yote wakiuliza nyumba ya Viateur, na amekaa juu ya jiwe nje ya lango tangu saa mbili. Hakuna anayefika kwenye gusaba peke yake mbele ya msemaji wake, hilo halijawahi kuonekana. Wenye nyumba walimkaribisha ndani, akakataa. Viateur mwenyewe alitoka, akamletea kiti. Hakukaa. Alisema anamngoja mtu.

Nikamwambia Kirezi niambie yote, usiruke kitu.

Anasema Ntare ameshuka kwenye gari. Anasema wote wamesimama, Sibomana amenyamaza — Sibomana! Ntare anamwendea. Amesimama mbele yake, hatua moja. Baba ameinua uso, anasikiliza viatu. Nikauliza anasema nini. Kirezi anasema hasemi. Nikauliza Ntare je. Hasemi. Nikamwambia mwanangu, angalia midomo, inatikisika? Anasema ya Baba inatikisika kidogo, haitoi kitu.

Halafu akasema, Mama, mkono wa Baba umepanda.

Umepanda wapi, nikauliza. Kwenye uso wa Ntare? Kufanya nini? Na simu ikakatika.

Nimepiga mara sita. Haipatikani. Ya Sibomana inaita, hapokei. Ya Ntare sithubutu.

Naandika ujumbe hapa kwanza ndipo niuhamishie kwenye simu, vidole vinakosea vibonye:

Kirezi mwanangu, mimi huku sijambo, nimekaa mlangoni. Mkono wa baba yako ulioinuka, umeshukia wapi. Usinipambie, usiniongezee. Niambie ulichoona tu. Nijibu upesi, mama, upesi, hata kwa simu ya mtu.